Kizazi Kilichouliza Swali Moja

Sisi tulioingia kazini katika maabara za hospitali miaka ya 1970 tulilelewa na swali moja. Daktari wa upasuaji alileta kipande cha nyama kilichotolewa kwenye ziwa la mwanamke, nasi kazi yetu ilikuwa kukiandaa ili daktari wa patholojia aseme: ni saratani, au siyo? Jibu likishaandikwa, jalada lilifungwa. Kama ni saratani, ziwa lilikatwa. Kama ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, mgonjwa alirudishwa kwao na dawa za maumivu. Ni saratani ya namna gani, na inakua kwa kulishwa na nini? Hilo halikuulizwa.

Nayaandika haya kwa sababu rika langu linapukutika. Tunazikana sana siku hizi, na miongoni mwa wanawake tunaowasindikiza wapo ambao dawa ya kuwafaa ilikuwepo duniani kabla hata hawajaugua. Tena ni kidonge kimoja cha kila siku, kilichokwisha kutoka mikononi mwa kampuni moja na sasa kinatengenezwa na viwanda vingi. Kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na parasetamo na oksijeni. Najiuliza kwa nini hakikuwafikia, na kila nikilichimba jambo hili narudi kwenye swali ambalo kizazi chetu hakikufundishwa kuliuliza.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana vijana wengi hudhani majibu ya maabara yanatoka kwenye mashine kama risiti. Kipande kikifika hulowekwa kwenye formalini kisioze. Kisha hukaushwa maji yake kwa kupitishwa kwenye alkoholi za nguvu mbalimbali, hutakaswa kwa zailini, hujazwa nta ya parafini iliyoyeyushwa na kuachwa kigande. Kibonge hicho hufungwa kwenye mikrotomu. Unazungusha gurudumu kwa mkono, na kila mzunguko wembe unabandua utando wa unene wa mikroni 3 au 4, mwepesi kiasi kwamba ukipumua ovyo unapeperuka. Unauongoza kwa brashi hadi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, unajitandaza wenyewe, unauopoa kwa kioo. Ndipo zinakuja rangi: hematoksilini kuvipaka viini vya seli zambarau, eosini kupaka sehemu zilizobaki waridi. Daktari akiinamia hadubini huona viini vikubwa vilivyosongamana, kila kimoja na ukubwa wake, vimevunja mipaka ya vifereji vya maziwa. Hapo hana shaka. Lakini rangi hizo mbili humwonyesha umbo tu. Saratani mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya kioo, moja ikawa inategemea homoni za mwanamke na nyingine haizihitaji hata kidogo.

Swali hilo la pili ni kongwe kuliko sisi. Mwaka 1895, Glasgow nchini Scotland, daktari wa upasuaji George Beatson alimtoa ovari mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani ya ziwa ilikuwa imemrudia kifuani baada ya kukatwa. Beatson alikuwa ameyachunguza mambo ya unyonyeshaji tangu mwanzo wa udaktari wake, akiishi karibu na wafugaji wa kondoo, na alipata kujua kwamba katika nchi nyingine wafugaji huwatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili waendelee kutoa maziwa. Akawaza kwamba kama ovari, ilivyo mbali vile, inalitawala ziwa, basi huenda inaitawala na saratani yake. Uvimbe wa yule mama ulinywea, naye akaishi miaka kadhaa. Beatson alichapisha habari hizo mwaka 1896 katika jarida la Lancet, wakati ambapo hakuna aliyeijua estrojeni. Homoni hiyo ilikuja kutengwa mwaka 1929 na Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mmoja kivyake.

Waliomfuata Beatson wakakutana na jambo lililowatatiza. Kati ya wanawake watatu waliotolewa ovari, mmoja hivi alipata nafuu, na wawili waliumizwa bure. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari wakaendelea kukata kwa kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago aliitia estrojeni alama ya mionzi, akaifuatilia ndani ya miili ya wanyama. Kwenye misuli ilipita ikaenda zake. Kwenye mfuko wa uzazi ilikusanyika na kung'ang'ania. Ndani ya seli za huko mlikuwa na protini ya kuipokea, ambayo leo tunaiita kipokezi cha estrojeni. Kisha ikajulikana kwamba saratani nyingi za ziwa zina vipokezi hivyo, na nyingine hazina. Mwenye vipokezi anaweza kusaidiwa kwa kuinyima saratani yake estrojeni. Asiye navyo asipotezewe muda, apewe tiba nyingine. Ugonjwa tuliokuwa tukiuandika kwa jina moja ulikuwa magonjwa zaidi ya moja.

Sasa dawa. Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya ICI huko Cheshire, Uingereza, mkemia Dora Richardson alitengeneza kemikali iliyopewa namba ICI 46,474. Walichokuwa wakikitafuta ni kidonge cha kuzuia mimba. Kwa panya kilizuia kweli. Kwa wanawake kilifanya kinyume, kikaziamsha ovari zitoe mayai. Kingeishia kabatini, ila Arthur Walpole, aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa na hamu ya siku nyingi na utafiti wa saratani, akashikilia kijaribiwe kwa wagonjwa. Mwaka 1971 Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie, Manchester, walichapisha matokeo ya wanawake 46 wenye saratani ya ziwa iliyokwisha kwenda mbali au kurudi. Kumi walipata nafuu ya kuonekana, na madhara yalikuwa madogo kuliko ya homoni zilizokuwa zikitumika zamani. Uingereza ikakiruhusu mwaka 1973, Marekani mwaka 1977. Hiyo ndiyo tamoksifeni.

Miaka hiyohiyo kina mama na kina baba wa rika letu walikuwa kwenye ubishi mwingine, wa vidonge vya majira. UMATI, chama cha uzazi wa mpango hapa kwetu Tanzania, kilikwisha kuanza kazi tangu 1959, na kila mtaa ulikuwa na hadithi zake: vinakausha kizazi, vinajikusanya tumboni vikawa uvimbe, vinamfanya mwanamke awe dume. Mume akivikuta chini ya godoro, nyumba iliwaka moto. Tulizeeka na hofu hizo. Kwa hiyo mwanamke wa umri wangu anapoambiwa na daktari kijana, kwa haraka ya kliniki yenye foleni, kwamba atapewa dawa ya kuzuia homoni, anasikia majira. Na mumewe akisikia, anauliza: homoni zikizuiwa, mke wangu atabaki na nini? Nimewasikia wanaume wazima, wenye elimu, wakiwakataza wake zao kwa sababu hiyo.

Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa maelezo, na maelezo yanawezekana kwa Kiswahili cha kawaida. Kipokezi ndani ya seli ya ziwa ni kama kiti cha mwenyekiti katika kikao. Estrojeni ikikikalia, kikao kinaanza: kipokezi hubadilika umbo, hushika sehemu maalumu za vinasaba, huita protini za kusaidia, na amri inatoka kwamba seli igawanyike. Kwa msichana anayevunja ungo na kwa mama anayejiandaa kunyonyesha, amri hiyo ni ya heri. Kwa seli iliyokwisha kuharibika, kila amri ni uvimbe kuongezeka. Tamoksifeni huja ikakikalia kiti kilekile na kunyamaza. Estrojeni bado imo mwilini, haijaondolewa, ila kiti kimejaa. Kipokezi kilichokaliwa na tamoksifeni hukunjika vibaya, zile protini za kusaidia hazipati pa kushika, na seli inakaa bila amri hadi nyingi zinakoma kugawanyika.

Kwenye viungo vingine tamoksifeni hainyamazi. Kwenye mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi huongea kama estrojeni, na mifupa inafaidika. Kwenye mfuko wa uzazi nako huongea, na huko si kwema: kwa waliokoma hedhi, utando wa ndani unaweza kunenepa, na kwa wachache ukazaa saratani ya mfuko wa uzazi. Ndiyo sababu mama anayeitumia akiona damu ilhali alishakoma hedhi, aende hospitali wiki hiyohiyo. Huongeza pia hatari ya damu kuganda, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, asisubiri. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi asishike mimba akiwa anaimeza, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto, na kinga yake iwe kondomu au kitanzi cha shaba, siyo homoni. Hedhi yake inaweza kukatika, nayo isimdanganye kwamba hawezi kubeba mimba. Haya yote yakisemwa wazi mbele ya mke na mume, ubishi mwingi hufa palepale. Awe dume? Hapana, tamoksifeni haimfanyi mtu kuwa dume. Na madume wenyewe, niwakumbushe wazee wenzangu, nao hupata saratani ya titi, kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila mia. Karibu zote za wanaume zina vipokezi vya estrojeni, na dawa yao ni hiyohiyo.

Iko njia nyingine, inayofaa zaidi kwa wanawake wa umri wa dada zangu. Hedhi ikikoma, ovari hustaafu, lakini estrojeni haiishi. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za aina ya kiume kwa kiasi kidogo, na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilicho katika mafuta ya mwili, misuli, hata ndani ya saratani yenyewe, huzigeuza kuwa estrojeni. Anastrozoli, letrozoli na eksemestani hukizuia kimeng'enya hicho. Kipokezi kimebaki wazi ila hakuna wa kukifikia. Kwa waliokoma hedhi dawa hizi zinazuia saratani kurudi zaidi ya tamoksifeni, kwa tofauti isiyo kubwa lakini ya kweli. Gharama yake inalipwa na mifupa na viungo: magoti na vidole vinakakamaa asubuhi, mifupa inapungua uimara. Mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi hapaswi kupewa hizi peke yake, maana ubongo ukiona estrojeni imeshuka huzichapa ovari zifanye kazi zaidi. Lazima ovari zizimwe kwanza, kwa sindano ya goserelini inayopigwa tumboni kila siku 28, au kwa kuzitoa kama alivyofanya Beatson. Kwetu, ambako sindano ya kila mwezi ni mzigo kwa familia nyingi, upasuaji wa Beatson bado una kazi. Na ipo fulvestranti, inayopigwa makalioni, ambayo hukishika kipokezi na kuifanya seli yenyewe ikivunjevunje.

Nimekaa sana kwenye utaratibu huu kwa sababu naamini mtu humeza kwa uaminifu dawa anayoielewa. Na hapo ndipo penye jambo linaloniuma kuliko yote kuhusu kizazi chetu.

Sisi ni watoto wa klorokwini. Homa ilipanda, ukameza vinne, baadaye vingine, ukawashwa mwili, na siku ya tatu ukarudi shamba. Dozi kwetu ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho ulitambulika kwa mwili kupata nafuu. Tulijua kuvumilia maumivu, tena sana. Mama zetu walilima wakiwa na vidonda. Lakini kumeza dawa ya kitu kisichouma, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyetufunza. Ndiyo maana presha imetuua. Ndiyo maana kisukari kinatukata miguu.

Saratani ya ziwa yenye vipokezi inadai subira ya namna hiyo. Baada ya upasuaji na mionzi huenda mwilini mmebaki seli chache zilizojificha kwenye mfupa au ini, zisizoonekana kwa picha yoyote, na zinaweza kulala miaka mingi. Saratani za aina hii hurudi hata baada ya mwaka wa tano, wa kumi, wa kumi na tano. Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba tamoksifeni ya miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Jaribio la ATLAS, lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2012, likaonyesha kwamba miaka 10 inalinda zaidi ya 5. Theluthi ya vifo, kwa kidonge cha miligramu 20. Katika maisha yangu ya kazi sijaona dawa nyingi zinazotoa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alikatwa ziwa akapona vizuri. Jioni moja nilimkuta uani, kajitanda khanga aliyoilowesha maji. Wajukuu walipotafuta sindano ya kushonea kifungo, bati la biskuti likafunguliwa, na humo, kati ya nyuzi na mkasi, nikaona pakiti za tamoksifeni, nyingi hazijaguswa.

"Shemeji, mbona dawa ziko hapa?"

"Mimi si nimeshapona, shemeji? Ziwa limetoka, kidonda kimefunga, nguo zangu nafua mwenyewe. Hivyo vidonge ndivyo vinavyonitesa. Usiku naungua, naamka shuka imelowa."

"Umemwambia daktari?"

"Nimwambie nini? Atanigombeza."

Joto lile ni kazi ya dawa. Ubongo ukikosa kuisikia estrojeni, kipimajoto chake huvurugika, na mwili hujimwagia jasho bila sababu. Lina namna ya kupunguzwa, na daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au hata dawa yenyewe. Mgonjwa asijitafutie dawa ya usingizi au ya huzuni dukani, kwa kuwa baadhi, kama fluoksetini na paroksetini, hukizuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa endoksifeni, ambayo ndiyo yenye nguvu hasa. Kimeng'enya hicho hakifanani kwa watu wote. Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza mwaka 1996 aina yake iliyo polepole, inayopatikana kwa wingi kwa Waafrika. Kama hilo linabadilisha matokeo ya tiba, wataalamu bado wanabishana, na ninafurahi kwamba Waafrika wamo katika ubishi huo.

Shemeji alirudi kliniki, nami nikamsindikiza. Muuguzi aliyemsikiliza, binti wa umri wa wajukuu zake, hakumgombeza. Alimuuliza swali moja: "Bibi, unawajua wanaomeza dawa zao kila siku na wako wazima?" Shemeji akawataja majirani wawili, kwa sauti ya chini. Binti akamwambia afanye kama wao.

Nililiwaza jawabu lile njia nzima ya kurudi. Tangu Oktoba 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa, kizazi kilichotufuata kimejifunza jambo tulilolikosa: mtu anaweza kuonekana mzima, kujisikia mzima, na bado uzima wake ukawa umefungwa na kidonge cha saa mbili usiku. Walijifunza kwa msiba, wakizika wenzao. Wakatengeneza kengele za simu, vikundi vya kusaidiana, wahudumu wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, kadi zinazofuatiliwa mtu asipotokea. Ujuzi huo upo, uko kwenye zahanati zetu, una watu waliosomea. Sioni kwa nini mwanamke aliyeandikiwa tamoksifeni ya miaka 10 aachwe arudi kijijini bila hata mmoja wa kumpigia simu.

Unyamavu nao ulikuwa wetu. Katika miaka yangu ya kazi majibu alikabidhiwa mume. Bahasha ilitoka mkononi mwa karani ikaingia mfukoni mwa koti, na mwenye ziwa lake alikaa benchi akisubiri kuambiwa. Wengine hawakuambiwa mpaka kidonda kilipofunguka. Ilikuwa dhuluma, na ilihesabiwa kuwa adabu. Nilipoona, mwaka 2005, madaktari wanawake wa chama chao, MEWATA, wakiwaita kina mama hadharani waje kuchunguzwa matiti, na umati ukajitokeza, nilielewa kwamba kumbe hawakuwa wamenyamaza kwa kupenda. Walikuwa hawajaulizwa.

Watu wengi hudhani mapambano yote yako kwenye dawa na mashine za Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, katika jengo lile la Wajerumani ufukweni. Mimi nayaona yanaanzia kwenye chupa. Kipimo cha vipokezi zamani kilitaka nyama mbichi iliyogandishwa na kemikali zenye mionzi, mambo ambayo maabara zetu hazikuyamudu. Baadaye zikapatikana kingamwili za kukinasa kipokezi kwenye kile kibonge chetu cha parafini, na tangu miaka ya 1990 kipimo kikaweza kufanyika kwa utando uleule wa mikroni 3 au 4. Kiini chenye kipokezi hugeuka kahawia. Kisicho nacho hubaki na rangi ya buluu. Asilimia 1 tu ya seli zikiwa za kahawia, miongozo inasema saratani hiyo ihesabiwe kuwa na vipokezi na mgonjwa afikiriwe kwa tiba ya homoni. Nilipokiona kwa mara ya kwanza, tayari ni mstaafu niliyekwenda kuwasalimu vijana, nilikaa kwenye ile hadubini mpaka wakaniletea chai.

Lakini kipokezi ni protini, na protini huoza. Nyama ikikaa saa nyingi bila formalini, kipokezi kinapotea huku umbo la saratani likibaki. Daktari ataandika "saratani" kwa uhakika, kisha ataandika "vipokezi: hakuna", na mwanamke atanyimwa dawa iliyokuwa ikimfaa. Katika enzi yangu nilipokea vipande vilivyosafirishwa kwenye maji ya chumvi, kwenye spiriti, kwenye chupa ya jemu iliyobebwa na kondakta wa basi tangu jana yake. Kwa swali letu moja vilitosha. Kwa swali la pili havifai kitu. Ninaposikia ikisemwa kwamba wanawake wa Kiafrika wana saratani nyingi zisizo na vipokezi, nakubali kwamba katika sehemu za bara hili, hasa magharibi, jambo hilo lina ukweli. Lakini nazikumbuka chupa zile, na najua kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitengenezwa barabarani.

Kwa hiyo maombi yangu ni ya mtu wa maabara. Kila chumba cha upasuaji kinachogusa maziwa kiwe na formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, chupa zenye mdomo mpana, na kalamu isiyofutika. Kipande kiingizwe ndani ya saa moja, dawa iwe mara kumi ya ukubwa wake, saa ya kukitoa mwilini iandikwe juu ya chupa. Kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72. Kipande kikubwa kipasuliwe kwanza ili dawa ipenye, kwa kuwa formalini huingia taratibu, na katikati ya ziwa zima lililotumbukizwa lilivyo panaoza wakati nje pamehifadhika. Vitu hivi ni rahisi kuliko kitanda kimoja cha wodi.

Na kwenu wanaume wa rika langu mliobaki, mnaowasindikiza wake, dada na mabinti kliniki: karatasi ya majibu mkabidhini mwenyewe aisome. Kisha someni pamoja mstari wa chini, chini ya neno saratani, palipoandikwa vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni. Kama mstari huo haupo, msiondoke. Mwambieni daktari kwa heshima kwamba kile kibonge cha parafini bado kimehifadhiwa maabara, na kinaweza kukatwa tena leo.